Mgeni Asiyepewa Kiti

3 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imeshuka leo mchana, na paa la wizara limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza yangu. Mhudumu wa ghorofa yetu, mtu asiyekosa la kusema, kaniletea ndoo. "Mama Itifaki, naona mmerudiana." Kazi yangu ni itifaki: nani aingie kwanza, nani akae wapi, bendera ipi iwe kulia. Watu huicheka kazi hii mpaka siku wanapomkalisha balozi karibu na choo.

Leo nimeongezewa mzigo. Katibu Mkuu, ambaye nyuma ya mgongo wake tunamwita Mzee Tahadhari, aliniita akafunga mlango mwenyewe. Kuanzia Jumatano hii nitakuwa nampokea mwakilishi wa watu wa ng'ambo.

"Mimi? Si kazi ya idara ya siasa?"

"Wewe ni shemeji yake. Hawezi kukupigia kelele."

Ni kweli, ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu mkubwa. Wanaishi ng'ambo ya mto, ambako miaka minne iliyopita watu walijitangazia serikali yao. Jirani Mkubwa anasema ng'ambo ni yake tangu enzi, na ipo siku atairudisha kwa hiari au kwa bunduki. Sisi hatusemi kitu. Mafuta yetu na unga wetu vinatoka kwa Jirani Mkubwa, na nusu ya ndugu zetu wako ng'ambo, kwa hiyo kutosema ndiyo sera yetu. Wizarani hata jina la ng'ambo hatulitamki. Tunasema "eneo husika".

Utaratibu niliukuta, sikuutunga mimi. Mwakilishi anapokelewa kwenye ukumbi mdogo wa ghorofa ya kwanza, amesimama, na anayempokea naye amesimama. Hapewi kiti wala chai. Mtu akikalishwa ni mgeni wa serikali, na serikali haikalishi mjumbe wa serikali isiyoitambua. Akisimama ni mpita njia aliyeingia kuuliza jambo. Anachosema kinajibiwa kwa neno moja, "Tumesikia," na hapo kikao ambacho si kikao kinakwisha.

Nakiri niliona ni akili kubwa. Nchi ndogo haina jeshi la kutisha mtu, ina adabu zake tu.

5 Machi

Mhudumu alitoa viti vyote ukumbini asubuhi, vinane, akavipanga kwenye choo cha wanaume. Anafanya hivyo kila Jumatano kwa miaka minne sasa, na kila Jumatano analalamika kiuno.

Shemeji aliingia amevaa suti yake ya harusi. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Shemeji! Viti vimekwenda likizo?"

"Vinapigwa msasa."

"Miaka minne vinapigwa msasa, sasa si vimebaki vijiti?"

Nilijitahidi nisicheke. Kisha akasimama wima, akasema alilotumwa. Mto ukijaa masika hakuna mtumbwi unaothubutu kuuvuka, linabaki daraja tu. Wanaomba daraja lisifungwe, hata mambo yakiharibika. Watu wao waruhusiwe kupita hata kama hawana pasi za kusafiria zinazotambulika.

"Tumesikia," nikasema.

"Ahsante, shemeji," akasema, kwa heshima zote, akaondoka.

Jioni nikamkuta kwa mama, kakaa kwenye kiti cha marehemu baba, sahani imejaa. Mama alikuwa akimuuliza kama ofisini kwetu tunamkirimu vizuri. Nilijua nimekwisha. Shemeji akatafuna polepole, akameza, akasema, "Wananikirimu sana, mama. Ila chai yao haina sukari."

Nilimpenda kwa hilo.

9 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

12 Machi

Dada kanipigia simu. Nyuma yake nilisikia cherehani. Fundi mwenzake alikuwa anashona wakati sisi tunaongea. Nimemwambia aje na watoto, wakae kwa mama mpaka masika yaishe, maana siku hizi hata magazeti yetu yanaandika kwamba Jirani Mkubwa anasogeza vifaru. Akasema ana mashono ya watu. Akasema pia mama mkwe wake hataki kuihama nyumba yake, macho yamemuishia na anazijua kuta za nyumba ile kwa mkono.

"Huyo ataangaliwa na majirani," nikasema.



"Mdogo wangu," akasema, "wewe una mama huko. Huyu ndiye mama yangu huku."

Nikabadilisha mazungumzo. Dada yangu yuko hivyo tangu tukiwa wadogo. Akiokota kifaranga, hata kama kina mguu mmoja, nyumba nzima haitalala.

19 Machi

Shemeji kaja anachechemea. Kombora liliangukia barabara ya sokoni kwao, kipande cha bati kikamchana paja. Kashonwa nyuzi na mganga wa mifugo kwa sababu daktari alikuwa na wengine wenye hali mbaya zaidi. Alisimama kwa mguu mmoja kama korongo, akanisomea idadi ya nyumba zilizobomoka. Katikati akaegemea ukuta.

Sikujua kama kuegemea kunaruhusiwa. Nilipanda juu kumuuliza Katibu Mkuu. Aliwaza kwa makini, kidole kwenye kidevu.

"Ukuta si kiti," akasema.

Tulicheka wote wawili. Naandika hapa kwamba nilicheka, na kwamba niliporudi chini nilimkuta shemeji ameacha kuegemea, jasho linamtoka, ananisubiri niseme neno langu. Nikalisema.

22 Machi

Foleni ya mkate imefika kona ya posta. Watu wanasema Jirani Mkubwa amepunguza unga kutuonjesha. Mama ananiambia niulize ofisini. Mama anadhani ofisini tunajua kitu.

26 Machi

Leo Katibu Mkuu alinikuta nimebaki ofisini nangoja mvua ipungue, akavuta kiti akakaa mkabala na ndoo yangu. Nimefanya naye kazi miaka tisa na sikuwahi kumwona akikaa ofisini kwa mtu.

Alinieleza kuhusu mwaka Jirani Mkubwa alipotufungia mafuta. Waziri wa wakati ule alikuwa jasiri, alisema redioni jambo la kweli juu ya ng'ambo. Siku kumi baadaye jenereta la hospitali kuu lilizimika, na mtoto wa kaka yake Katibu Mkuu alikuwa kwenye mashine ya kupumulia. Alisimulia bila kupandisha sauti, macho kwenye matone.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," akasema. "Wananiita mwoga. Najua mnavyoniita. Lakini niambie wewe, ningemwambia nini mama wa yule mtoto?"

Nilirudi nyumbani nikimwona ni mtu mwingine, si Mzee Tahadhari tena. Mama aliponiuliza kwa nini serikali yetu inakaa kimya, nilimtetea Katibu Mkuu kwa maneno yake mwenyewe. Shemeji alikuwepo, ananyoosha mguu juu ya stuli. Alimwomba mama chumvi.

30 Machi

Dada hapatikani kwenye simu. Shemeji anasema minara yao imepigwa, mtandao unakuja na kwenda. Alisema hivyo kwa wepesi mno.

2 Aprili

Nitaandika nitakavyoweza.

Shemeji aliingia amelowa chapachapa. Gari lilimwacha mbali na daraja, akatembea. Suti ya harusi imekuwa tope tupu, na chini ya suruali bendeji ilikuwa inanuka. Mtu akinuka hivyo huhitaji kuwa daktari. Mhudumu alikuwa ameshatoa viti. Nilisimama pale pangu, yeye akasimama pale pake, mikono nyuma.

"Wameingia mashambani," akasema. "Mjini watafika wiki hii au ijayo. Tunaomba daraja liwe wazi usiku na mchana. Hatuombi bunduki. Hatuombi mtutambue. Daraja tu, shemeji."

Hilo la "shemeji" lilimtoka. Hajawahi kuniita hivyo wakati wa kusema alilotumwa. Nikaona midomo yake imepauka, halafu akaanza kuyumba.

Nilikimbia mezani kwangu nikaleta kiti changu mwenyewe, chenye mto alionishonea dada.

"Usinikalishe," akasema.

"Kaa."

"Shemeji, fikiri. Wakiniona nimekaa hapa wewe ndiye utakaye—"

"Kaa, nimesema!" Nikamsukuma mabega, akakaa. Alikuwa mwepesi, alikaa kama nguo. Nikampa maji kwa glasi ya ofisi, nikampepea kwa jalada. Nilikuwa nimefurahi, Mungu anisamehe. Nilijiona nimefanya jambo la kiutu kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze.

Mlango wa Katibu Mkuu ulifunguka juu, wakashuka ngazi maofisa wawili wa ubalozi wa Jirani Mkubwa. Kijana mwenye miwani alisimama ngazi ya mwisho. Akamwangalia shemeji aliyekaa, akaniangalia mimi niliyesimama mbele yake na glasi, kama mhudumu mbele ya mheshimiwa.

"Habari za kazi," akasema kwa adabu, wakatoka.

Shemeji alifumba macho. "Si nilikwambia," akasema.

Nilimpeleka hospitali, wakamsafisha kidonda, jioni nikamleta kwa mama. Daktari kasema asitembee wiki nzima.

3 Aprili

Balozi wa Jirani Mkubwa kaja bila miadi. Kauliza swali moja tu: je, serikali yetu imebadili sera yake? Kama haijabadili, angependa kuona ithibati. Alikaa dakika chache na hakugusa chai.

4 Aprili

Baraza la mawaziri limekaa asubuhi. Daraja limefungwa kwa pande zote mbili "kwa matengenezo ya dharura kutokana na mvua".

Mhudumu ndiye aliyeniambia, kabla hata ya barua. Hakufanya utani. Alimwaga ndoo yangu, akairudisha mahali pake, akaondoka.

Nilipanda kwa Katibu Mkuu nikijua nafukuzwa. Hakunifukuza. Hakunipigia hata kelele, na bora angenipiga. Alikuwa amejikunyata nyuma ya meza ile kubwa.

"Ningekuwa mimi ningempa kiti," akasema. "Ndiyo maana sishuki kule chini." Akasugua macho. "Una nani huko?"

"Dada yangu, na watoto wake wawili."

"Mtu mzima mmoja, watoto wawili," akarudia. Akanyanyua simu mbele yangu. Alimpigia mkuu wa kikosi cha darajani, kisha akampigia balozi mwenyewe, akabembeleza, akacheka kicheko kisicho chake, akataja familia, akataja masika, akataja urafiki wa miaka mingi. Alipokata simu shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Keshokutwa asubuhi. Uwe pale wewe mwenyewe. Mtu mzima mmoja, watoto wawili. Sitaweza kuomba tena."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nilimshukuru huku nalia.

5 Aprili

Dada kapatikana, mara moja, sauti inakatikakatika kama anaongea ndani ya mtungi. Nikapiga kelele: kesho, darajani, saa tatu, wewe na watoto.

"Tutakuja," akasema. Simu ikafa.

Tutakuja! Nilimkimbilia mama jikoni, akaniacha, unga ungali mikononi mwake, akaenda kutandika kitanda cha dada, kilekile alichokilalia kabla hajaolewa. Shemeji alikaa kwenye kiti cha baba na kucheka peke yake. Nyumba nzima imefuta vumbi leo.

6 Aprili

Naandika yote.

Mto umepanda mpaka kwenye nguzo, maji ya rangi ya matofali, yanapita na magogo. Upande wetu kuna geti jipya la chuma na sajenti na wanajeshi wachache wenye makoti ya mvua. Upande wa pili, nyuma ya kamba, watu. Sijui walikuwa wangapi. Walikuwa kimya, na hilo ndilo lililonitisha, maana umati wa watu haunyamazi hivyo.

Saa tatu sajenti akapeperusha kitambaa, kamba ikainuliwa, akatoka dada yangu. Alikuwa anasukuma toroli la kubebea saruji. Ndani ya toroli, juu ya godoro lililokunjwa, amefunikwa nailoni, alikuwa amekaa mama mkwe wake. Watoto walishika toroli huku na huku, msichana upande mmoja na mdogo wake upande wa pili. Walikuja polepole kwa sababu mbao za daraja zimelegea.

Nilimtazama yule mzee. Nilikuwa sijamfikiria. Tangu Katibu Mkuu aniulize, tangu ninyanyue simu kumwambia dada aje, hata mara moja hakunijia akilini.

"Mtu mzima mmoja," sajenti akasema, na si kwa ubaya. "Niliambiwa mmoja, mama. Hawa ni wawili."

Nikampigia Katibu Mkuu. Alipokea mara moja. Nilimweleza. Nilimsikia akipumua.

"Ulisema mmoja," akasema.

"Nilisahau, mzee. Nakuomba."

"Ungesema wawili ningeomba wawili. Wangekubali, walikuwa wanatuonyesha ukarimu. Leo nikirudi kuwaambia wawili, watasema tumeanza kuwapitisha mmoja mmoja, wataondoa hata huyo. Unanielewa? Ulisema mmoja."

Dada alikuwa amefika kwenye geti. Tulitenganishwa na chuma tu, mvua inatupiga wote. Alikuwa amekonda na nywele zimemtoka kwenye kitambaa.

"Kuna nini?"

"Wanasema mtu mzima mmoja."

"Nani kawaambia mmoja?"

Aliniangalia, akajibiwa. Aliniangalia muda mrefu, na sikuona hasira, afadhali ningeiona. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Yule mzee aliuliza ndani ya nailoni, "Tumefika, mwanangu?"

"Tumefika, mama," dada akasema. "Wewe tangulia na watoto. Nimesahau mashono ya watu mezani, narudi kuyafungia. Nitakufuata."

"Mashono yatangoja."

"Ya bibi harusi, mama. Nimeshalipwa."

Niliingiza mkono kwenye geti nikamshika koti. Nikamwambia kwa kunong'ona: yeye amekwishaishi, wewe una watoto, mwache, watu watamwangalia. Naandika nilivyosema kwa sababu ndivyo nilivyosema, na ningesema tena. Dada aliutoa mkono wangu, kidole kimoja kimoja, akamfunga binti yake vifungo vya koti mpaka shingoni, akamfuta mdogo pua. Akamnyanyua mama mkwe wake kutoka kwenye toroli, akamsimamisha, akamwekea mkono wake juu ya bega la msichana.

"Anapenda chai ya moto sana," akaniambia. "Usimpe ya vuguvugu, hainywi na hatakwambia."

Kisha akageuza toroli tupu akarudi nalo. Msichana hakulia. Aligeuka mara moja, akaona, akaendelea kutembea na mkono wa bibi yake begani. Mdogo ndiye aliyepiga kelele mpaka tunafika kwenye gari.

Nyumbani, mama alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli umefunguliwa. Shemeji alitoka anaburuza mguu. Nilimshusha Bibi, nikawashusha watoto, nikafunga mlango wa gari. Mama aliendelea kuushika mwavuli juu ya mahali ambapo hapakuwa na mtu. Shemeji alimkumbatia mama yake, na juu ya bega la mama yake akawa anaangalia gari.

Baadaye alinifuata nyuma ya nyumba.

"Ulimsahau mama?"

"Nilisahau, shemeji. Naapa."

"Hukusahau." Alisema taratibu, bila kunilaumu, kama mwalimu anayemsahihishia mtoto. "Mtu husahau kitu alichokuwa amekihesabu."

Akaingia ndani kumvua mama yake viatu.

7 Aprili

Sikwenda kazini.

9 Aprili

Jumatano. Mhudumu katoa viti vinane, kavipanga chooni. Hakuna aliyekuja. Mchana kavirudisha.

11 Aprili

Mizinga, tangu asubuhi. Inasikika mpaka hapa, madirisha yanalia. Mama amefungulia redio sauti ya juu ili Bibi asisikie. Bibi ameuliza kama huku kwetu radi hupiga hivi kila siku.

13 Aprili

Bibi hanisumbui kwa lolote. Ananiita "mwanangu". Anashukuru kila kitu, hata kupitishiwa fimbo yake. Leo nilimpa chai, akakishika kikombe muda mrefu, akakiweka chini. Nilirudi jikoni nikaichemsha upya. Niliporudi akaimaliza yote, akasema mkwe wake ndiye aliyenifundisha, anamjua. Nilitoka nje nikasimama uani.

14 Aprili

Kaja fundi baiskeli, jirani wa akina dada. Alivuka kwa kujifunga mipira ya ndani ya lori, mto ukamtupa mbali huko chini, katembea siku mbili. Shemeji alimpokea uani, mimi na mama tukiwa nyuma yake. Fundi hakutaka kukaa. Alisema mtaa wa cherehani ulipigwa Ijumaa mchana, mafundi wote wakiwa ndani. Alisema amemzika dada yeye mwenyewe, yeye na wengine watatu, nyuma ya duka, na ameweka bati juu ili mvua isifukue.

Shemeji aliuliza, "Una hakika?"

"Nilimjua kwa utepe wa kupimia nguo, kaka. Ulikuwa shingoni."

Mama hakupiga ukelele. Alikamata kamba ya kuanikia nguo akaishika, akajiziba mdomo kwa shuka iliyolowa. Maana Bibi alikuwa dirishani. Daktari aliyemwona wiki iliyopita kasema moyo wake umechoka, asipewe mshtuko wowote kwa sasa. Tukakubaliana palepale, kwa macho, kwamba hataambiwa mpaka apate nguvu.

Kwa hiyo hatuna msiba. Hakuna mkeka, hakuna watu. Majirani wameambiwa wasije. Mama anapika, anaosha, anaingia bafuni na kufungulia bomba, na bomba likifungwa anatoka amenawa uso. Dada yangu amekufa na nyumba yetu inaongea habari za hali ya hewa.

17 Aprili

Ng'ambo imekwisha. Bendera ya Jirani Mkubwa iko darajani, upande wa pili.

Shemeji amekaa siku nzima na redio mapajani, imezimwa. Yeye si mwakilishi wa mtu yeyote tena. Nilimwambia samahani. Akaniuliza ya nini, ya ng'ambo au ya mke wake. Nikasema ya yote. Akasema hizo ni samahani mbili, nisizifunge pamoja.

20 Aprili

Katibu Mkuu kaniita. Tamko la serikali litasomwa redioni kesho, idara ya siasa wote wameugua kwa mkupuo mmoja, na mimi ndiye niliyebaki ninayejua kuandika sentensi isiyosema kitu. Hajui kuhusu dada. Sijamwambia. Nilikuwa nimekwenda kumwambia.

"Ubalozini wanataka neno 'faraja'," akasema. "Nimejaribu kulitoa. Walilirudisha."

Ningeweza kukataa. Nilifikiri juu ya unga, juu ya jenereta la hospitali, juu ya dawa za moyo za Bibi zinazotoka kulekule zinakotoka risasi. Nilifikiri pia kwamba mshahara wangu ndio unaolisha watu watano. Zote ni sababu za kweli. Nikakaa kando ya ndoo yangu, nikaandika, na halikunichukua muda.

21 Aprili

Jua limetoka. Leo ni sikukuu ya kitaifa, tuko nyumbani wote. Saa saba mchana mama alikuwa anachambua maharage, watoto wamelala, shemeji yuko kizingitini anajifunga bendeji. Bibi alikuwa na redio. Hatukuizima kwa wakati.

Msomaji ana sauti nzuri. "Serikali imepokea kwa faraja taarifa za kurejea kwa utulivu katika eneo husika, na inatarajia kwamba wakazi wake wataendelea na shughuli zao za kila siku katika hali ya amani na usalama."

Bibi aliinuka, mkono unatafuta ukuta.

"Mmesikia? Kumetulia!" Uso wote ulikuwa unacheka. "Mkwe wangu anakuja. Nilisema mimi, yule hawezi kukaa na mashono mezani, akimaliza tu anakuja. Jamani, mnitoe kwenye kitanda chake, mimi nitalala chini na watoto. Atakuwa amechoka yule."

Hakuna aliyesogea. Alikwenda mwenyewe, kwa kupapasa, mpaka chumbani, tukamsikia akivua shuka. Shemeji aliangalia bendeji yake. Mama aliweka ungo chini, akamfuata, na mimi nikamfuata mama.

Bibi alikuwa amekumbatia shuka safi. Akageukia upande niliosimama, sijui alijuaje.

"Mwanangu, wewe uko serikalini. Ni kweli wanayosema?"

Mama aliniangalia. Ni mara ya kwanza kuniangalia usoni tangu siku ile ya gari.

Nikasema ni kweli.

Mama akashika ncha ya pili ya shuka, wakaanza kutandika.